Mfuate Mpiga Besi: Jazi ya Marekani kwa Masikio ya Tanga

Mwambie mzee wa Ngamiani, hapa Tanga, kwamba Jumamosi usiku utamletea jazi, naye atafurahi kwa sababu zake mwenyewe. Kichwani mwake Atomic Jazz wameshapanda jukwaani, au Jamhuri Jazz, au Morogoro Jazz wa Mbaraka Mwinshehe. Gitaa la solo linalia, la rizimu linajibu, tumba inatembea, na mtu anaimba kisa cha mapenzi yaliyoharibika. Halafu wewe unamwekea John Coltrane wa mwaka 1966, domo la bata, yaani saksafoni, linapiga ukelele robo saa nzima bila kibwagizo hata kimoja. Atasikiliza kwa adabu, kisha atauliza: "Mwanangu, hawa wanaanza kuimba saa ngapi?"

Swali hilo si la ushamba. Ni la mtu aliyelelewa na muziki mwingine wenye jina lilelile. Neno hili lina umri mkubwa huku kwetu: Dar es Salaam Jazz Band huhesabiwa tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, wala hawakuwa wakipiga kilichokuwa kikipigwa New York. Walipiga dansi, lenye rumba ya Kuba iliyofika kwa santuri, lenye Kongo ndani yake, na ngoma za nyumbani. "Jazz" kwenye jina la bendi ilikuwa na maana ya kundi la kisasa, basi. Anayetaka kugawana na watu wa mji huu santuri anazozipenda za kina Miles Davis asianze kwa kusahihisha neno. Aanze na kile ambacho masikio ya hapa yanakijua tayari, yaani kuchagua ala moja ndani ya kundi na kuifuata hadi mwisho. Na ala ya kuanzia ni besi.

Jaribio lake ni jepesi. Kabla hujaweka santuri yoyote ya Marekani, weka "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililomeguka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Simba Wanyika yenyewe iliundwa Nairobi mwaka 1971 na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz. Punguza sauti katikati ya wimbo na uwaombe waliokaa waimbe, si maneno, bali mwendo wa besi ya Tom Malanga. Wataimba wote, hata yule anayedai hajui muziki. Besi ile haigongi tu mapigo. Inasema jambo, inanyamaza, inasema tena. Mtu anayeweza kufanya hivyo ana kila kitu anachokihitaji kumsikiliza Paul Chambers, mpiga besi wa Miles Davis. Kilichobaki ni kumwonyesha mlango.

Mlango ni huu. Wimbo wa dansi huwa na sehemu mbili: kwanza beti na kiitikio, taratibu, kisha chemko, pale waimbaji wanapokaa kando, magitaa yanashika kasi na ukumbi unaamka. Hakuna anayehitaji kuambiwa chemko limeanza. Jazi ya Marekani ya miaka ya 1940 hadi 1960 ina mpango mwingine. Wanaanza na wimbo mfupi, pengine nusu dakika, pengine dakika moja. Kisha wimbo unaondoka lakini nyumba yake inabaki: urefu uleule, mfuatano uleule wa sauti, unazunguka tena na tena, na kila mpigaji anaingia humo kwa zamu na kupamba apendavyo. Mwishoni wimbo unarudi. Aliyeishika nyumba hapotei hata solo ikienda mbali namna gani. Asiyeishika anasikia mtu anapuliza tu. Na anayelinda nyumba hiyo mizunguko yote, bila kupumzika, ni mpiga besi.

Chukua bluzi ya kawaida. Ina vifungu 12 vya mapigo manne manne, maana yake mapigo 48 kwa mzunguko, na besi inayotembea hupiga noti moja kwa kila pigo. Wahesabishe watu kwa vidole mzunguko wa kwanza na wa pili. Wa tatu acha; wengi watakuwa wanahisi wenyewe pale unapofunga na kufunguka upya. Usitumie maneno kama "kodi" (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na "hamonia" usiku wa kwanza. Hayamsaidii mtu aliyekuja na kikombe chake cha kahawa.

Lakini yote hayo ni bure kama besi haisikiki, na hapo ndipo mikutano mingi ya kusikiliza inapoharibikia. Uzi mnene kuliko yote wa besi ya mbao, ile kubwa kuliko mtu, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya Bluetooth yenye ukubwa wa kikombe huanza kuchoka chini ya mitetemo 100 hivi. Kinachosikika ni kivuli cha besi, mtu anagonga kopo mahali fulani. Kama hiyo ndiyo spika uliyo nayo, iweke sakafuni kwenye kona ya ukumbi, kuta mbili na sakafu zikusanye sauti nzito na kuirudisha kwa watu. Spika yenye tundu nyuma iachie nafasi ya sentimeta kumi kutoka ukutani, la sivyo inavuma. Barazani nje hapafai: kuna upepo wa bahari, kuna bodaboda, na sauti nzito haina ukuta wa kuegemea. Fungua mlango, watu wakae kizingitini wakipenda, lakini muziki ubaki ndani. Mwenye spika mbili zenye koni ya inchi sita au nane ameshapona. Azitenganishe kama mita mbili, zielekee mahali watu walipokaa.

Kuna kosa jingine ambalo husababisha mabishano. Santuri nyingi za stereo za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliwagawa wapigaji kabisa: huyu kushoto, yule kulia. Kwenye "Kind of Blue" ya Miles Davis domo la bata la Coltrane liko upande mmoja na la Cannonball Adderley upande wa pili. Ukiunganisha spika moja kwa waya wa upande mmoja, mpigaji mzima anafifia, na mtu atakuapia kwamba rekodi ni mbovu. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu (Accessibility), uwashe mono. Pande zote mbili zitaingia kwenye spika moja.

Sasa santuri ya kwanza. Wengi wangeanza na ile maarufu kuliko zote, "Kind of Blue". Iliyo bora kwa Tanga ni "Midnight Blue" ya Kenny Burrell, iliyorekodiwa siku moja, 8 Januari 1963. Tazama nani wamo: gitaa, domo la bata la Stanley Turrentine, besi, dramu, na tumba za Ray Barretto. Piano hakuna. Kwa maneno mengine, ni kundi ambalo mtu wa Makorora akilisikia kwa mbali anaweza kudhani anawajua. Weka wimbo wa kwanza, "Chitlins con Carne", dakika tano na nusu hivi. Besi na tumba zinaingia kwa utulivu, gitaa halina haraka, na hakuna mtu atakayeuliza lini wanaimba kwa sababu domo la bata linaimba. Ni bluzi ya vifungu 12, kwa hiyo hesabu yenu ya 48 inafanya kazi moja kwa moja. Sikilizeni jinsi Burrell anavyokata maneno mafupi na kuacha pengo, na tumba ikijaza pengo. Mpiga solo mzuri wa dansi hufanya vivyo hivyo.

Baada ya hapo ndipo ije "So What", ya kwanza kwenye "Kind of Blue", dakika tisa na sekunde 22. Ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, na imekaa kama vile iliandikwa kwa ajili ya hoja hii. Piano na besi wanatangatanga nusu dakika ya kwanza bila mdundo. Waambie wasubiri. Kisha besi ya Paul Chambers inashika wimbo yenyewe, nayo ala nyingine zote zinaitikia kwa noti mbili tu. Besi inaita, kundi linaitikia. Anayejua kiitikio cha ngoma au cha kasida anaelewa papo hapo nani kiongozi. Nyumba yake ni vifungu 32: nane, nane tena, nane zilizopanda nusu hatua, kisha nane za kurudi chini. Pale inapopanda ndipo pa kuinua kidole. Fanyeni mchezo huo kwenye solo ya Miles, inayoanza kama dakika moja na nusu ndani, toazi la Jimmy Cobb likilia kwa nguvu kama anayefunga mlango wa zamani. Watakaopatia kupanda na kushuka mara mbili mfululizo hawatauliza tena maana ya "modi", yaani ngazi moja ya sauti inayoshikiliwa muda mrefu.

Tahadhari kuhusu matoleo ya "Kind of Blue". Siku ile ya kwanza mashine ya kurekodia ilizunguka polepole kidogo kuliko kawaida, na kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza ziliposikilizwa kwenye mwendo sahihi zilipanda juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Kosa hilo lilidumu hadi matoleo yaliyosahihishwa ya miaka ya 1990. Kwa msikilizaji si msiba. Kwa mpiga gitaa anayetaka kupiga sambamba na santuri ni msiba mtupu: anakaza nyuzi, analegeza, anajilaumu. Akitumia nakala ya kuanzia 1997 hatapata taabu hiyo.

Tanga ni mji wa magitaa, kwa hiyo hapa inafaa kukaa. Wes Montgomery hakutumia kipande cha kucharazia. Alipiga kwa dole gumba, ndiyo maana sauti yake ni ya mviringo, haina ukali wa kucha. Tafuta "The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery" ya Januari 1960, uweke "Four on Six", kisha "West Coast Blues". Solo zake ndefu mara nyingi hupanda ngazi tatu. Kwanza noti moja moja. Kisha oktavu, noti moja ikipigwa juu na chini kwa pamoja, kama wanandoa wanaotembea hatua moja. Mwisho kodi nzima nzima, vidole vikiruka shingoni mwa gitaa kwa kasi ambayo ingemtosha mtu mwingine kwa noti moja. Mwambie mpiga solo wa mtaani kwako ataje kwa sauti kila ngazi inapobadilika. Wapigaji wa hapa huishika haraka kuliko wengi kwa sababu wamezoea kutofautisha gitaa la solo na la sekondi, yaani la pili, yanapofumana.

Grant Green ni tabia nyingine, hapigi kodi karibu kabisa, kila kitu ni uzi mmoja mmoja. "Idle Moments" ya Novemba 1963 ni ya usiku mzito: wimbo wenye jina hilo unaenda dakika 15 hivi, polepole, na hata urefu wake ulitokana na kutoelewana. Mzunguko ulipangwa kuwa vifungu 32, wapigaji wakauchukulia kama 64, na kila mmoja akapata nafasi maradufu. Walipoona ni mzuri hawakuuchezea. Walichofanya ni kurudi siku nyingine na kurekodi upya nyimbo nyingine za albamu hiyo kwa ufupi ili zienee kwenye sahani. Usiuweke mwanzoni. Watu watalala, na hawatakuwa na kosa.

Anayelilia chemko, mpe Duke Ellington. Tamasha la Newport, 7 Julai 1956, wimbo ni "Diminuendo and Crescendo in Blue". Katikati ya vipande viwili vya bendi kubwa, Paul Gonsalves anasimama na domo la bata na kupiga mizunguko 27 ya bluzi, moja baada ya nyingine, nyuma yake ni besi na dramu na watu wanaopiga makofi. Mwanamke mmoja aliinuka kucheza, uwanja mzima ukafuata. Mizunguko 27 mara mapigo 48: karibu mapigo 1,300 ya chemko. Hapo hamna haja ya maelezo yoyote. Ila angalia umeshika toleo lipi. Usiku ule Gonsalves alipigia maikrofoni isiyokuwa ya kampuni iliyokuwa ikirekodi, kwa hiyo kwenye santuri ya mwanzo anasikika kama yuko ng'ambo ya bandari, na sehemu kubwa ya santuri hiyo ilirekodiwa upya studio na kubandikwa makofi. Toleo kamili la 1999 liliunganisha kanda mbili tofauti, na domo la bata likarudi mbele. Aliyeisikia ya zamani peke yake akasema haoni ajabu yake, msameheni na mmwekee hii.

Waimbaji wapo, bila shaka, na kuna watu ambao bila sauti ya binadamu hawaingii. Ella Fitzgerald akiwa Berlin mwezi Februari 1960 alisahau maneno ya "Mack the Knife" jukwaani. Badala ya kusimama, aliyatunga mengine papo hapo, akaimba kwamba amesahau, akamwigiza Louis Armstrong kwa sauti ya mkwaruzo, na bendi haikukosa pigo. Fasiri mistari miwili mitatu kwa Kiswahili kabla ya kuanza, vinginevyo kicheko kitawapita. Armstrong mwenyewe aingie na "West End Blues" ya Juni 1928, dakika tatu na ushei, zinazoanza na tarumbeta peke yake. Ufupi huo una sababu. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu upande mmoja, na mtu alilazimika kusema lake akamaliza. Mashabiki wa dansi wanaijua hali hiyo kwa sura nyingine, wimbo uliokatwa upande A na upande B wa sahani ndogo, na chemko likikusubiri ugeuze.

Kishawishi kikubwa ni kuanza na vile vyenye majina yetu. Vipo. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi "Tanganyika Strut". Novemba 1960, zaidi kidogo ya mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu, Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika", muziki uliopangwa na Melba Liston, na mwanzoni kabisa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa Marekani wakati huo, anasoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku. Kusikia Kiswahili kikitoka kwenye santuri ya New York ya mwaka ule husimamisha nywele, na ngoma zilizomo, za kina Babatunde Olatunji na Candido, haziombi ruhusa ya mtu. Hii iweke mapema, ndani ya santuri tatu za mwanzo.

"Mwandishi" ya Herbie Hancock, iliyotoka 1971, ni habari tofauti. Wapigaji wote walichukua majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart ni Jabali, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga, na lilimfaa kweli, maana alikuwa daktari wa hospitali. Majina haya yatawachekesha watu na kuwafurahisha, kisha muziki utaanza na nusu yao watatoka nje kupunga upepo. Ni mzito, una ala za umeme zinazovuma na kupotea. Kiswahili kwenye jalada hakirahisishi kilichomo. Ukiipeleka, ipeleke mkutano wa nne au wa tano, na uwaambie jambo moja tu: wimbo wa kwanza, "Ostinato", umejengwa juu ya mwendo mmoja wa besi unaojirudia kwa mapigo 15. Hesabu ya nne nne itavunjika mikononi. Waache wautafute mwendo wenyewe.

Daraja jepesi kuliko yote linatoka Cape Town: "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim ya 1974, zaidi ya dakika 13, piano inayozunguka mahali pamoja na domo la bata la Basil Coetzee likizungumza juu yake. Sijaona haja ya kuieleza kwa mtu yeyote wa pwani.

Kuhusu vifaa vyenyewe, hewa ya Tanga haina huruma. Unyevu huotesha ukungu kwenye majalada na kwenye kanda, na jua la mchana ndani ya gari lililofungwa linapinda sahani ya plastiki kabla hujamaliza kununua samaki. Sahani zisimame wima, zisilaliane, mbali na ukuta wa nje unaotoa chumvi. Kuosha: lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari, usikate. Lebo ya katikati isiguswe na maji. Maji hayo huuzwa kwenye gereji kama maji ya betri, lakini uliza mara mbili, kwa sababu kuna chupa inayofanana nayo ambayo ni tindikali. Sahani nzito za zamani za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti hata tone: zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Wala usizipige kwa sindano ya kawaida. Mistari yake ni mipana mara tatu na zaidi, sindano ndogo inazama chini na kusomba vumbi badala ya muziki.

Uzito wa sindano kwa mashine nyingi ni gramu moja na nusu hadi mbili na nusu. Fuata maandishi ya sindano yako. Ikiruka, mtu huweka sarafu juu ya mkono wa mashine unaobeba sindano. Sarafu hiyo inachimba. Mara nyingi kinachorusha sindano ni vumbi, au meza isiyo sawa, au mtu anayecheza kwenye sakafu ya mbao. Na sindano iliyo nyepesi mno nayo inaharibu, kwa kuwa inagongagonga kingo.

Kosa ghali kuliko yote huja na mizigo ya ndugu kutoka Marekani. Mashine za zamani za huko, zile ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme, zilitengenezwa kwa mapigo 60 kwa sekunde na volti 120. Hapa tuna 50 na 230. Transfoma itashusha volti, mashine haitaungua, mwenyewe utashukuru. Lakini haigusi mapigo. Mizunguko 33 na theluthi itakuwa chini ya 28, na 45 itakuwa 37 na nusu. Ella atasikika kama shangazi aliyeamshwa usingizini. Tafuta pulley (kigurudumu cha mota) ya mapigo 50, au mashine ya mota ya betri.

Wanaogawana kwa simu wana ugonjwa wao. Kurekodi kwa sauti ya WhatsApp mbele ya spika kisha kutuma ni kumtumia mtu picha ya kivuli. Matoazi yanageuka mchanga na besi inafutika. Ambatisha faili lenyewe kama dokumenti. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja ni kama megabaiti 2.4, kwa hiyo "So What" ni kama megabaiti 22. Kwa 128 inakuwa tisa, na kwa masikio ya simu inatosha.

Usiku wenyewe upangwe hivi. Anzeni baada ya Isha, tuseme saa mbili na robo, mmalize saa nne na nusu kabla jirani hajakohoa kwa maana. Watu sita hadi wanane. Rekodi sita, si zaidi, na kila ya Marekani ifuatiwe na dakika mbili tatu za nyumbani: baada ya Burrell, Jamhuri, baada ya Wes, Simba Wanyika, baada ya Ella, Shakila na Black Star, taarabu iliyobeba gitaa la umeme na besi hapahapa Tanga. Aliyeleta rekodi azungumze dakika moja kabla, aseme mwaka, wapigaji, na kitu kimoja cha kufuatia. Wasifu wa maisha na madawa ya kulevya ya wapigaji hausaidii sikio. Wakati muziki unapigwa watu wanyamaze. Kahawa na kashata zigawiwe katikati, maana kugonga vikombe na kutafuna vina sauti kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kusikiliza, rudieni dakika mbili tu za mahali alipopachagua mmoja wenu. Hapo ndipo watu husikia kweli. Mara ya kwanza walikuwa wanakisia.

Mabishano yatakuwepo, na mji uliowahi kugawanyika kati ya Atomic na Jamhuri hauhitaji mafunzo. Acheni yaende hadi rekodi inayofuata, lakini atakayesema "hii siyo jazi" aeleze amepoteza besi wapi.

"A Love Supreme" ya Coltrane iwekeni mbali, mkutano wa kumi labda, peke yake usiku mzima. Dakika 33, zilirekodiwa 9 Desemba 1964, vipande vinne bila kukatwa kwa mazungumzo. Mwanzo wake ni noti nne za besi ya Jimmy Garrison, ambazo Coltrane baadaye anazitamka kwa mdomo mara 19. Mwisho wa kipande cha tatu wote wananyamaza, Garrison anabaki na besi yake kwa kama dakika tatu, hakuna dramu, hakuna piano. Kisha domo la bata linaingia bila mdundo na kusoma, silabi kwa silabi, dua ambayo Coltrane aliiandika na kuichapisha kwenye jalada. Mpe karatasi ya dua hiyo, iliyofasiriwa, yule mzee aliyeuliza wanaanza kuimba saa ngapi, na taa iwe ya kutosha kusomea.